Betri za simu ya nyumbani isiyo na waya: jinsi ya kuchagua za kubadilisha

Swali hili hufika kwenye kaunta yangu hapa Nakuru karibu kila wiki, na siku hizi huja pia kwa WhatsApp kutoka Kisumu, Kakamega na Kisii: "Fundi, simu ya nyumbani inazimika hata sijamaliza salamu. Ninunue betri gani?" Nikiuliza ile ya zamani imeandikwa nini, naambiwa, "Ni hizi ndogondogo za kawaida." Hapo ndipo pesa zinapopotea, kwa sababu hizo ndogondogo ziko za namna nne au tano, na moja wapo inaweza kupasukia ndani ya simu yako.

Simu hizi bado zipo, tena nyingi. Zahanati zinazo, ofisi za shule na parokia, mapokezi ya hoteli, wazee wastaafu ambao namba yao ya 051 au 057 ndiyo watoto walio ng'ambo waliyoikariri, na sasa nyumba zenye intaneti ya faiba, maana kisanduku cha faiba mara nyingi kina tundu la simu nyuma yake.

Nitangulize jambo moja ili hata ukiishia hapa usipate hasara: betri sahihi ni ile inayolingana na iliyotoka kwa aina, kwa volti na kwa umbo. Namba kubwa ya mAh, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inahifadhi, inakuja ya nne, na ndiyo namba inayotumiwa kuuzia watu uongo.

Kabla ya kuanza, kusanya hivi

- Mkono wa simu, kitako chake cha kuchajia, na adapta yake mwenyewe
- Simu yako ya mfukoni, ya kupigia picha
- Rula ya mtoto wa shule
- Bisibisi ndogo ya nyota, kwa maana vifuniko vingine vina skrubu
- Raba ya kufutia penseli, pamba za masikio na spiriti ya kusafishia vidonda
- Multimita, yaani mita ya kupimia umeme, kama ipo. Kama huna, fundi redio wa mtaani atakupimia kwa dakika moja

1. Hakikisha mgonjwa ni betri

Acha mkono kwenye kitako usiku kucha. Asubuhi piga simu ya dakika kumi. Kama alama ya betri ilionyesha imejaa, kisha simu ikaanza kulia bipu kabla ya dakika tano kwisha, betri imechoka. Kama taa ya kuchaji haiwaki kabisa, usinunue chochote bado. Nenda kwanza kwenye sehemu ya matatizo huko chini.

Nyumba yenye mikono miwili ya aina moja ina bahati. Badilishana betri baina yake. Ugonjwa ukihama pamoja na betri, umepata jibu bila kutoa senti.

2. Fungua, piga picha, ndipo utoe

Piga picha kabla ya kugusa kitu. Picha ionyeshe ncha ya kujumlisha ilitazama wapi, na kama kuna waya, mwekundu ulikuwa upande gani. Watu huruka hatua hii kwa sababu wanaona ni betri mbili tu, watakumbuka. Kisha wanakuja dukani wakibishana mume na mke.

Baada ya hapo soma maandishi mahali pawili: kwenye betri yenyewe, na kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya tundu la betri. Ya pili ndiyo ya kuaminika zaidi, kwa sababu huenda betri iliyomo iliwekwa na mtu mwingine aliyekosea kabla yako.

Utakuta mojawapo ya hizi: betri mbili za AAA, zile za rimoti, betri mbili au tatu za AA, zile za saa ya ukutani, hasa kwenye simu za zamani, pakiti ya seli zilizofungwa pamoja kwa nailoni, yenye waya mbili na plagi ndogo nyeupe, au betri bapa inayofanana na ya simu ya mfukoni. Hiyo ya mwisho ni ya lithiamu na hupatikana zaidi kwenye simu za mezani zinazotumia kadi ya SIM. Kwa hiyo tafuta namba ileile ya betri iliyoandikwa juu yake, na mengi ya hapa chini hayakuhusu.

3. Soma aina

Tafuta herufi hizi: Ni-MH au Ni-Cd, ambazo zote ni za nikeli, au Li-ion, ya lithiamu.

Ni-MH inabadilishwa kwa Ni-MH. Hapo hakuna mjadala, na simu nyingi unazoziona leo ziko hapa.

Ni-Cd ni aina ya kale yenye kadimiamu, madini ya sumu, na sasa ni adimu madukani. Ukikuta simu yako iliandikiwa hiyo, Ni-MH yenye volti zilezile kwa kawaida hukubali, kwa sababu vitako vya simu hizo huchaji polepole usiku kucha. Itachukua muda mrefu kujaa. Siku ya kwanza iguse kila baada ya saa moja au mbili: vuguvugu ni sawa, ikichoma mkono itoe.

Sasa onyo ambalo nalirudia mpaka nimechoka. Betri za kawaida za redio na tochi, mawe kama wazee wanavyoyaita, haziingii kwenye simu hii hata kwa usiku mmoja. Zinatoshea vizuri, simu inawaka vizuri, na hapo ndipo mtu anajiona mjanja. Lakini kitako hakijui umeweka nini. Kitaanza kuzisukumia umeme, zitachemka, zitavuja maji ya alkali, na pengine kupasuka. Nimepokea mikono ya simu ambayo springi zake zimeliwa zikaisha kwa sababu ya "betri za kushikia tu mpaka mwisho wa mwezi". Kwenye pakiti unayonunua lazima liwepo neno "rechargeable". Lisipokuwepo, irudishe kwenye rafu.

Kuna mitego mipya miwili ya lithiamu. Wa kwanza ni betri za AA na AAA zilizoandikwa volti 1.5 zenye tundu dogo la kuchajia kwa waya wa simu. Ni nzuri kwa rimoti na kwa vitu vya watoto, lakini kitako cha simu hakiwezi kuzichaji. Wa pili ni seli zilizoandikwa 14500 au 10440. Kwa macho ni AA na AAA kabisa, ila kila moja ina volti 3.7. Ukiweka mbili, simu inayotaka volti 2.4 inapokea zaidi ya 7. Hapo hujanunua betri. Umenunua simu nyingine.

4. Hesabu volti

Kila seli ya nikeli ni volti 1.2. Mbili ni 2.4, tatu ni 3.6. Basi.

Wateja husema, "Lakini hii ni 1.2 na ile ni 1.5, si hii ni dhaifu?" La. Simu ilitengenezwa kwa ajili ya 1.2. Betri ya 1.5 huanza juu ikashuka siku zote inapotumika. Ya nikeli hushikilia karibu na 1.2 kwa muda mwingi wa kazi yake, kisha huanguka ghafla mwishoni.

Angalia vizuri pakiti ya volti 3.6. Hiyo ni seli tatu za nikeli. Betri ya lithiamu huandikwa 3.7, na nyingine huandikwa 3.6 vilevile. Namba zinafanana, ila ndani ni vitu viwili tofauti kabisa vinavyochajiwa kwa namna tofauti. Namba zikilingana lakini herufi za aina hazilingani, usinunue.

5. Pima umbo

AAA ina urefu wa milimita 44.5 na upana wa 10.5. AA ni 50.5 kwa 14.5. Weka rula. Baadhi ya pakiti zina seli fupi, theluthi mbili ya kawaida, urefu wa karibu milimita 30, na mtu akiagiza kwa simu bila kupima anatumiwa ndefu ambazo kifuniko hakitafunga.

Angalia pia chuchu ya juu. Seli zinazotengenezwa kwa kuunganishwa ndani ya pakiti huwa bapa juu, na kwenye simu yenye springi hazitagusa kibati.

6. Sasa mAh

mAh ni ukubwa wa tangi. Haihusu nguvu, inahusu muda. Simu iliyokuja na 550 itafanya kazi na 550, 650, 700 au 800 bila matata. Ushauri wangu kwa AAA ni ukae kati ya 550 na 800.

Kwa nini nisikuuzie 1100? Kwanza ni hesabu. Chukulia kitako kinachosukuma miliampia 80. Betri ya 700 itataka karibu saa tisa kwa karatasi, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto, sema saa kumi na mbili. Ya 1100 inakaribia saa ishirini. Nyumbani kwako, ambako simu hushindwa kurudishwa kitakoni na umeme nao hupotea jioni, lini itajaa? Pili, ili kuingiza tangi kubwa kwenye kopo lilelile, mtengenezaji hubana kila kitu ndani, na seli za namna hiyo kwa kawaida huvumilia mizunguko michache ya kuchaji kuliko za wastani. Nyingine ni nene kidogo na hukwama. Eneloop, ambayo Sanyo waliileta 2005 na sasa iko chini ya Panasonic, wana toleo dogo la AAA la mAh 550 linalofaa kabisa simu za namna hii. Ya kawaida yao ni karibu 800. Watengenezaji wangeweza kukupa kubwa zaidi. Waliona haina haja.

Halafu kuna uongo wa wazi. AAA ya nikeli ya kweli haivuki 1100 hivi. AA haivuki 2700 hivi. Ukiona AAA imeandikwa 1800, hiyo namba iliandikwa na mchapishaji wa nailoni. Kuna njia rahisi ya kuikamata: ipime uzito. AAA nzuri ya Ni-MH ni gramu 12 au 13. AA ni 26 hadi 30. Sonara yeyote ana mizani inayotosha. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea jozi za AAA zilizoandikwa namba kubwa kuliko zote dukani. Zilikuwa nyepesi mkononi kama kalamu iliyoisha wino. Hatukuhitaji hata mizani.

7. Kama ni pakiti ya waya, tazama plagi mara mbili

Plagi mbili zinaweza kufanana kwa sura na bado waya zikawa zimebadilishana upande. Ziweke ya zamani na mpya sambamba, kichwa kimoja kikitazama juu, na uhakikishe mwekundu uko upande uleule. Ukiwa na multimita, usiamini rangi, pima.

Ukikosa pakiti kabisa, na kwa miji yetu hilo hutokea, fundi anaweza kukuundia kwa seli tatu zenye vibati vya kuunganishia na plagi ya zamani. Mwambie atafute seli zenye vibati tayari. Kulehemu kwa risasi moja kwa moja juu ya seli huichoma ndani, na utarudi baada ya mwezi ukilaumu betri. Na anapokata plagi ya zamani akate waya mmoja, auzibe, ndipo akate wa pili. Koleo likikata zote mbili kwa pamoja ni shoti.

8. Nenda kanunue

Beba betri ya zamani mfukoni, si picha peke yake. Iwe Kenyatta Avenue hapa Nakuru au Oginga Odinga Street kule Kisumu, ingia duka la elektroniki lenye mauzo ya mara kwa mara. Usinunue stendi ya matatu, na usinunue pakiti iliyokaa dirishani ikipigwa na jua la Kisumu tangu Krismasi. Joto huzeesha betri hata kabla hazijatumika. Maduka ya vifaa vya kamera nayo yafikirie, kwa sababu wapiga picha hawanunui feki mara mbili.

Nunua jozi kutoka pakiti moja. Omba muuzaji apime kwa mita palepale. Seli mpya ya nikeli husoma kati ya 1.2 na 1.35. Ikisoma 1.5 au 1.6, hiyo ni betri ya tochi iliyovishwa nguo nyingine. Ikisoma chini ya 1.0 imekaa sana; omba nyingine.

9. Safisha, ndipo uweke

Jina la Nakuru lenyewe husemwa limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na vumbi hilo limo ndani ya simu yako. Sugua vibati vya mkono na vya kitako kwa raba, kisha pamba yenye spiriti. Palipo na unga mweupe au wa kijani, tone la siki kwenye pamba huuyeyusha. Maliza kwa spiriti na uache pakauke. Chomoa adapta kwanza.

Badilisha zote kwa wakati mmoja. Ukichanganya mpya na nzee, nzee huisha mapema na mpya huendelea kuilazimisha, hadi zote mbili zinaharibika. Fuata picha yako. Usichubue nailoni ya betri kwa kucha wala kisu, hasa karibu na chuchu, kwa sababu kopo lote chini ya nailoni ni upande wa kutoa.

Za zamani usitupe chooni wala kwenye moto wa taka. Zifunike ncha kwa selotepu, uzihifadhi kwenye kopo, na mtu wa nyumbani akienda Nairobi azipeleke WEEE Centre, kituo kinachopokea taka za elektroniki. Za Ni-Cd ndizo za kuwa makini nazo zaidi.

10. Chaji ya kwanza

Usiku mzima. Vijitabu vingine vya simu husema saa 7, vingine hadi 16. Mimi husema weka jioni, toa asubuhi, na umeme ukipotea katikati ongeza muda. Usiiamini alama ikisema imejaa baada ya dakika ishirini. Simu nyingi hukisia tu, na betri mpya bado hazijazijua. Mizunguko miwili mitatu ya kutumia na kuchaji, na kisio kinakaa sawa. Simu ikikuuliza kama umeweka betri mpya, jibu ndiyo.

Matatizo yanayorudi

*Taa ya kuchaji haiwaki hata kwa betri mpya.* Tikisa mkono ukiwa kitakoni. Taa ikimweka, ni vibati; safisha tena au uinue springi kidogo. Isipowaka kabisa, pima adapta. Hapa kuna jambo linalowapiga hata mafundi: baadhi ya adapta za simu za zamani hutoa umeme wa AC, unaogeuka-geuka kama wa ukutani, si DC, wa upande mmoja kama wa betri. Soma upande wa kutokea wa adapta ya asili, na usichukue yoyote yenye plagi inayoingia tu.

*Betri mpya, lakini umeme ukikatika simu haipigi.* Betri hizo hulisha mkono pekee. Kitako ndicho kinachozungumza na laini, na kinakula umeme wa ukutani. Weka UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, au uwe na simu moja ya kawaida ya waya kwa siku hizo.

*Betri zinachemka.* Toa. Kisha ujiulize maswali ya hatua ya 3: umeweka aina gani?

*Simu inaandika kwamba inatafuta kitako.* Hilo si la betri. Uko mbali, au mkono umepoteza usajili wake. Simu hizi hufika kama mita 50 ndani ya nyumba, na kuta za mawe hupunguza zaidi. Mhudumu wa zahanati moja alibadilisha betri mara mbili. Kumbe kitako kilihamishiwa nyuma ya kabati la chuma.

*Ilikuwa nzima, mvua ikanyesha, sasa haina uhai.* Kwa Kakamega, Kisii na kandokando ya ziwa, kabla ya kushuku betri shuku radi. Inaingia kwa waya wa umeme na kwa waya wa simu vilevile, kwa hiyo wingu likijikusanya chomoa zote mbili. Kitako kilichopigwa hakiponi kwa betri.

*Simu ililetwa zawadi kutoka Marekani.* Soma adapta kabla ya kuchomeka. Ikisema 120 peke yake, umeme wetu wa 240 utaiunguza mara moja, na nimeshapokea za kutosha zikinuka moshi. Hata ukiipatia adapta nyingine, simu za huko hutumia masafa ya megahezi 1920 hadi 1930, ambayo huku ni ya mitandao ya simu za mkononi; za Ulaya, zinazofaa kwetu, ziko 1880 hadi 1900. Betri zake zitoe uzitumie kwenye simu nyingine kama zinalingana. Simu yenyewe iache kwenye boksi.